SOMO LA UFUMAJI: VITAMBAA VYA MAKOCHI VYA RANGI NYINGI



Mfumaji wa Kidahwe anayetaka kuuza vitambaa vya makochi mjini Kigoma au Ujiji hana budi kuujaribu uzi kabla ya kushika sindano. Loweka kipande cha kila rangi katika maji ya moto yenye sabuni, ukibane juu ya kitambaa cheupe hadi kikauke. Uzi mwekundu ukiacha doa, usiufume pamoja na mweupe. Seti nzima itaharibika siku ya kwanza ya kufuliwa, na mnunuzi atadai fedha zake. (Wapo wapendao vyeupe vitupu. Kwetu kwenye mawese, cheupe ni cha kutazamwa tu.)

Kisha fuma sampuli ya vitanzi 20 kwa mistari 20, uifue, ndipo uipime. Rangi isiyotumika hupita nyuma ya kazi: usiivute, maana kitambaa kitajikunja, wala isipite zaidi ya vitanzi 5 bila kubanwa, isije ikanasa vidole. 

Katibu aandike daftarini namba ya bechi iliyo kwenye lebo. Rangi ileile ya bechi nyingine huweza kutofautiana. Kwa hiyo uzi wa seti moja ununuliwe wote kwa pamoja.