Wasimamizi wa Kura na Mpaka wa Amri Yao



Katika mazungumzo ya matawi limeulizwa swali ambalo halifai kujibiwa kwa haraka: mtu aliyewekwa kusimamia kura na kuzihesabu ana amri kiasi gani? Wako wasemao kuwa siku hiyo yeye ndiye bwana wa yote, na wako wasemao kuwa ni karani tu. Kwa kuwa twakaribia kuchagua kamati mpya, twaona yafaa kutazama uchaguzi mkubwa kuliko wetu. Tumechukua mfano wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kwa sababu wilaya hiyo moja ina majimbo mawili ya ubunge: Kilosa, penye mji wa zamani wa reli, na Mikumi, kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa, penye hifadhi ya wanyama.

Juu ya wote ipo Tume, ambayo tangu mwaka 2024 yaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Chini yake yupo msimamizi wa uchaguzi wa jimbo. Kwa sheria iliyotumika hadi uchaguzi wa 2020, kazi hiyo ilikuwa ya mkurugenzi wa halmashauri, na kwa hiyo huko Kilosa mtu mmoja alibeba majimbo yote mawili. Katika kata wapo wasimamizi wasaidizi, na katika kila kituo yupo msimamizi wa kituo, msaidizi wake, na karani wa kuwaongoza wapiga kura. Askari yupo kwa ajili ya amani. Katika kura hana neno.

Tumtazame zaidi huyu msimamizi wa kituo, maana ndiye mpiga kura amwonaye kwa macho. Kabla kura hazijaanza, saa 1 asubuhi, hulifunua sanduku mbele ya mawakala wa vyama ili waone kuwa ni tupu, kisha hulifunga kwa lakiri. Saa 10 jioni hufunga mstari: aliyekwisha kusimama mstarini atapiga kura yake hata jua likizama, na ajaye baadaye amechelewa. Aweza kumtoa mfanya fujo, lakini amri hiyo hakupewa ili amnyime kura mtu mwenye haki. Asiyeona huja na mtu wake anayemwamini; si kazi ya msimamizi kumchagulia.

Kuhesabu hufanyika papo hapo kituoni, na hapo ndipo uamuzi wake huwa mzito. Karatasi isiyo na alama rasmi hukataliwa. Hali kadhalika karatasi yenye vema kwa wagombea wawili, au isiyo na alama yoyote, au ambayo mwenyewe ameandika jina lake hata akajulikana. Lakini vema ikipotoka kidogo nje ya kisanduku, na nia ya mpiga kura yaonekana wazi, hiyo ni kura. Wakala aweza kupinga, wala hawezi kuigusa karatasi. Sisi tunaouza karafuu twalijua jambo hili: karani wa mizani husoma uzito ulioonyeshwa, na akiongeza lake mkulima na mnunuzi wote wawili humgeukia.

Asidhani mtu kwamba karatasi moja ni jambo dogo. Wazee wa Pemba wakumbuka uchaguzi wa Januari 1961, ambapo kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na ASP kwa kura 1. Viti vyote vilikuwa 22: ASP ilipata 10, ZNP 9, na ZPPP 3. Hao watatu wakagawanyika, pande zikawa sawa 11 kwa 11, na ikabidi watu wapige kura tena mwezi Juni mwaka huo huo. Laiti aliyehesabu Chake Chake angeikataa karatasi moja iliyokuwa nzuri, hesabu yote ya visiwa ingekuwa nyingine.

Kazi ikiisha, msimamizi wa kituo huandika matokeo katika fomu. Katika uchaguzi wa 2015 na wa 2020 zilikuwa Fomu 21A ya urais, 21B ya ubunge na 21C ya udiwani. Mawakala hutia saini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa nje ya kituo. Hapo amri yake imekwisha. Msimamizi wa jimbo hujumlisha hesabu za vituo na kumtangaza mbunge. Urais hutangazwa na Tume peke yake. Asiyeridhika na ubunge huenda Mahakama Kuu.

Mwaka 2015 jimbo la Mikumi lilichukuliwa na Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye wengi wamjua kwa jina la Profesa Jay. Mwaka 2020 likaenda kwa Dennis Londo wa CCM. Hatusemi haya kwa kusifu chama.

Lakini liko jambo ambalo watu hawalitazami sana, nalo ni uteuzi. Kabla ya siku ya kura, msimamizi wa jimbo hupokea fomu za wagombea, husikia pingamizi, na huamua nani abaki. Kwa maoni yetu amri yake kubwa ni hii, kuliko ya kuhesabu. Mwaka 2020 wagombea ubunge 28 wa CCM walipita bila kupingwa. Wapinzani wengi walienguliwa katika hatua hiyo, ingawa baadhi yao walikata rufaa kwa Tume wakarudishwa.

Ndiyo maana watu walihoji nani amteue msimamizi. Bob Chacha Wangwe alikwenda mahakamani, na Mei 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwafanya wakurugenzi kuwa wasimamizi hakupatani na Katiba. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Sheria mpya ya 2024 ikaiachia Tume kuwateua wasimamizi miongoni mwa watumishi wa umma.

Kwetu sisi, desturi imekuwa katibu wa tawi kupokea majina, kusikia pingamizi na kuhesabu, naye mara nyingine ni mgombea. Twapendekeza kila tawi lilete majina mawili ya wanachama wasiogombea. Wahesabu kura za tawi jingine, na hesabu ibandikwe mlangoni pa ghala kabla ya kupelekwa popote. Jambo hili litaletwa mkutano mkuu, na huko ndiko litakakokubaliwa au kukataliwa.