SOMO LETU: BITI NA BAITI

Kikundi kimoja huku Ngomeni kilikaribia kuvunjika kwa sababu ya herufi moja. Walilipia intaneti ya Mbps 5. Video ya mafunzo ya megabaiti 30 walitarajia ishuke kwa sekunde 6, ikachukua karibu dakika nzima. Mweka hazina akaambiwa kanunua ya bei rahisi, pesa nyingine kala.

Tulipoitwa kusuluhisha, tuliomba kalamu kwanza. Herufi b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. Baiti 1 ni biti 8, kama vile pishi 1 ni vibaba 4. Basi kampuni yakupimia kwa kibaba, na simu yako yahesabu kwa pishi! Chukua 30 mara 8, wapata megabiti 240. Gawanya kwa 5: sekunde 48. Mama wa watu hakuiba kitu.

Desturi hii si ya jana. Tangu enzi za setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa hapa kwetu kutoka jukwaa la San Marco tarehe 12 Desemba 1970, mafundi hupima mwendo wa mawasiliano kwa biti. Mzigo ukishafika ndio huhesabiwa kwa baiti.

Ukiona Kbps, 1,000 zake ni Mbps 1. Na simu zikiwa tano kwenye laini moja, mwagawana hizo hizo 5.

Zoezi la kikundi: laini ni Mbps 10, faili ni megabaiti 50. Sekunde ngapi? (Jibu: 40.)