Hesabu ya Saruji ya Sakafu

Mtu wa Nyarubungo ajengaye nyumba asinunue saruji kwa kukisia. Ikipungua, kazi husimama, na sakafu iliyoungwa kesho yake huelekea kupasuka penye kiungo. Ikizidi, hupata unyevu na kuganda mfukoni. Kwanza shindilia udongo uwe sawa, maana kila shimo hula saruji. Kisha pima. Chumba cha mita 4 kwa 3 ni mita 12 za mraba. Zidisha kwa unene wa sentimita 5, yaani 0.05: utapata mita 0.6 za ujazo. Kwa kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, yatosha mifuko 4 ya kilo 50, madebe 16 ya mchanga na 32 ya kokoto. Andika hesabu yako, ndipo uende dukani.