Kufundisha Jambo Ambalo Watu Hawajaliamua: Mkaa na Gesi Darasani

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao unalenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia nishati hiyo. Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha Tunduma, Vwawa au Mlowo hana budi kuwa tayari kulieleza jambo hili. Aghalabu huandika ubaoni, "Mkaa ni adui wa misitu", watoto wakakariri, kengele ikalia. Kipindi cha namna hiyo hakimfikii yule tunayemhitaji zaidi, yaani asiyekubali wala kukataa.

Mtu huyo habishi kwamba misitu inapungua, wala kwamba mti uliokatwa hauvuti tena hewa ukaa. Linalomzuia ni hesabu ya jikoni. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa kadiri ya fedha ya siku ile. Mtungi wa gesi hudai malipo yote kwa mara moja. Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa, lakini kwa kuwa majikoni hamkuwa na kitu cha kushika nafasi yake, marufuku hiyo haikudumu.

Kwa darasa la sita tunapendekeza mjadala wa pembe. Mwalimu asome pendekezo moja lililo dhahiri: "Kila nyumba ya mtaa wetu iache mkaa baada ya mwaka mmoja." Wanaokubali waende pembe moja, wanaokataa nyingine, wasioamua wasimame katikati. Mazungumzo yaanze na hao wa katikati. Waulizwe: ni jambo gani likibadilika mtaamua? Mmoja atataja bei. Mwingine atasema bibi yake huogopa mtungi usilipuke. Mwingine kwamba maharage hutaka moto wa muda mrefu. Kila sababu iandikwe kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Kisha pendekezo lirekebishwe: je, gesi ikiuzwa kidogo kidogo? Je, maharage yakilowekwa usiku kucha? Wachague tena. Waliohama waeleze kilichowahamisha, na waliobaki wasisukumwe. (Hapa ndipo mwalimu kijana hupata taabu, maana hutamani wote wawe upande wake kabla ya kengele.)

Tahadhari moja yazidi zote. Darasani mna mtoto ambaye daftari lake limenunuliwa kwa fedha ya mkaa. Mwalimu akimwita mchoma mkaa mharibifu wa nchi, mtoto huyo atanyamaza mwaka mzima, na wenziwe watakuwa wamepata jina la kumtania. Apewe nafasi aeleze gunia hutoka wapi, na mama atauza nini mkaa ukikoma. Swali hilo la pili huweza kuwarudisha katikati wengi waliokwisha kubali, nasi hatuoni kwamba kipindi kimeharibika.

Kazi ya nyumbani iwe ya hesabu: kwa siku saba kila mtoto aandike fedha iliyotumika kwa mkaa, kuni au gesi, pasipo jina la mzazi. Jumla zitumike katika kipindi cha Hisabati cha juma lifuatalo.