Mtoto uwanjani, wazazi kazini: Nani yuko naye?

KATIKA vipindi vyangu vya Elimu ya Dini ya Kiislamu hapa Kibiti, lipo swali ambalo wanafunzi hawachoki kuniuliza: "Ustadhi, mpira ni haramu?" Nikitoka shuleni, wazazi nao wananisubiri msikitini na malalamiko yao: "Ustadhi, mtoto wangu mpira umemharibu, haonekani nyumbani wala madrasa." Mtoto anauliza kuhusu mpira, na mzazi analalamikia mpira. Katika makala hii nataka, kwa tawfiq ya Allah (s.w.), tuone Qur'an na Sunna zinatufundisha nini juu ya suala hili, kisha tuzitazame ratiba za nyumba zetu wenyewe. Huenda tukagundua kuwa tunaulizana swali ambalo silo.

Kisa cha Nabii Ya'qub (a.s.)

Turejee Sura Yusuf, aya ya 11 hadi ya 14. Ndugu zake Yusuf walimwendea baba yao wakamwomba awaruhusu watoke na mdogo wao, na sababu waliyoitaja ni kwamba akafurahi na kucheza. Tuzingatie kwamba Nabii Ya'qub (a.s.) hakuwajibu kuwa mchezo haumfai mtoto wa nyumba ya Utume. Aliwaeleza mambo mawili: kwamba atahuzunika wakiondoka naye, na kwamba anachelea mbwa mwitu asije akamla ilhali wao wameghafilika naye.

Hapa pana somo kubwa la malezi. Mzee yule hakuuogopa mchezo, aliogopa kughafilika kwa wale watakaokuwa na mtoto. Na sote tunajua kilichotokea. Mbwa mwitu hakuonekana kabisa, kumbe hatari ilikuwa ndani ya kundi lenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi Muislamu liwe hili: mtoto wangu anacheza wapi, mpaka saa ngapi, na yuko na nani?

Mtume (s.a.w.) alikuwepo uwanjani

Baadhi yetu tunadhani kuwa kumtazama mtoto akicheza ni kazi ya watu wasio na kazi. Hebu tuangalie mapokezi matatu yanayojulikana. La kwanza, lililopokewa na Bukhari, ni la Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini Madina siku ya Idd. Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bi Aisha (r.a.) naye akawa anatazama mpaka akatosheka mwenyewe. La pili, katika Abu Daud, ni kwamba Mtume alishindana mbio na Bi Aisha wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bi Aisha alishinda, na baadaye, alipoongezeka mwili, Mtume akashinda. La tatu, pia katika Bukhari, ni kwamba aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga mishale, akawatia moyo na kusema yuko upande wa kundi moja. Wa upande wa pili wakaacha kurusha, wangeshindanaje na Mtume? Akawaambia waendelee, yuko pamoja nao wote.

Ndugu msomaji, huyu alikuwa kiongozi wa dola, imamu wa msikiti, kadhi na baba wa familia. Shughuli zake zilizidi zetu sote. Lakini katika mapokezi yote matatu yeye mwenyewe yupo pale pale, anatazama, anashiriki, na wachezaji wanajua kuwa yupo.

Hali halisi ya nyumba zetu

Nichukue mfano wa nyumba yangu, kwa kuwa ndiyo niijuayo vizuri, na naamini msomaji wa Mbagala, Temeke au Tanga ataiona na yake humo. Mimi nafundisha mpaka alasiri, kisha nina darasa la madrasa. Korosho zikianza kudondoka, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, Jumamosi na Jumapili ni za shamba. Mama watoto ni muuguzi, wiki hii ana zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya usiku. Kijana wetu yuko Kidato cha Pili, anacheza mpira katika timu ya shule na ya mtaa. Binti yuko darasa la sita, anacheza netiboli, kwa suruali ndefu na hijabu yake. Wa mwisho bado ni wa madrasa na chandimu uani.

Shule zetu zina mashindano ya UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, na hatua ya taifa hufanyika mwezi Juni, wakati wa likizo. Maana yake ni kwamba mwezi wa Mei wote ni mazoezi, na likizo ambayo zamani ilikuwa ya kwenda kwa bibi sasa ina mwenyewe.

Tupige hesabu kidogo. Mechi ikianza saa 10 kamili jioni, baada ya alasiri kuswaliwa, ina dakika 90 na mapumziko ya dakika 15. Inamalizika saa 11 na dakika 45. Mwezi Juni jua letu linazama kama saa 12 na robo. Mtoto ana nusu saa ya kunawa na kufika msikitini, inamtosha. Lakini sote tunazijua mechi za mchangani. Refa hajafika, jezi hazitoshi, wageni wamepata pancha njiani. Ikianza saa 10 na nusu, filimbi ya mwisho na adhana ya magharibi vinakutana. Hapo ndipo watu husema mpira umempotezea mtoto swala, wakati kilichompotezea ni ile nusu saa ambayo hakuna mtu mzima aliyeisimamia.

Sisi wa Kibiti tuna sababu ya ziada ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 2016 na 2017 wilaya yetu ilipita katika kipindi kigumu cha mauaji ya viongozi wa vijiji, askari na raia, hata boda boda zikazuiwa kutembea usiku. Siku hizo hakuna mzazi aliyeulizwa "mwanao yuko wapi?" ikafika magharibi hana jibu. Hofu ile imeondoka, alhamdulillah. Swali lile lisiondoke nayo.

Mkeka wa bibi na mkeka wa leo

Mtu wa Rufiji akisikia neno mkeka, anakumbuka ukindu na mikono ya bibi zetu. Mwambie kijana wa leo neno hilo hilo, anafikiria tiketi ya kubeti. Sheria ya nchi hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini uwanjani kuna kaka mwenye simu anayekusanya shilingi 500 za wadogo na "kuwawekea". Mpira wenyewe ni halali, kamari iliyopachikwa juu yake ndiyo haramu iliyotajwa katika Sura Al-Maida aya ya 90 na 91, ambapo tumeelezwa kuwa shetani anaitumia kutia uadui baina ya watu na kuwazuia na swala. Mzazi anayemsubiri mtoto mlangoni ataona njumu zenye vumbi tu. Hawezi kuuona mkeka.

Vijana nao wana hoja yao: "Ustadhi, na Samatta je?" Ni kweli, Mbwana Samatta ni mtoto wa Mbagala, alipita African Lyon, Simba, TP Mazembe na Genk mpaka akafika Aston Villa ya Uingereza Januari 2020. Nawaambia wasome safari yake yote, waone miaka mingapi ya mazoezi na nidhamu imo ndani yake. Kisha wajiulize ni wangapi walianza naye kwenye viwanja vile vile na leo wanategemea vyeti vyao, ufundi wao na mashamba yao. Kipaji kinaendelezwa, lakini hakiwi sababu ya kuacha yaliyobaki.

Idd, likizo na maji ya delta

Kwao mama watoto ni kijiji kimoja ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Kutoka Kibiti unafika Nyamisati kwa gari au boda boda, na kuanzia hapo mwenye amri ni maji. Nahodha hakuulizi una nafasi lini. Maji yakipwa, mito midogo inabaki tope, na kila siku maji hujaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana. Mwezi ule ule unaotupa Idd ndio unaotupa maji. Idd el-Fitr inakuja mwezi ukiandama, kwa hiyo daima ni wakati wa bamvua, maji yakijaa alfajiri na tena jioni. Idd el-Hajj, tarehe 10 Mfunguo Tatu, maji yanakuwa yametoka kwenye maji mafu, na hujaa karibu na adhuhuri. Watu wa kule wanapanga harusi, maziko na hata mechi kwa hesabu hiyo. Timu ngeni ikija kwa boti, refa anajua kuwa maji yakianza kupwa hakuna dakika za nyongeza.

Idd el-Fitr ya Aprili 2024 ilitukuta bonde la Rufiji limefurika, na familia nyingi za Kibiti na Rufiji hazikuweza kutembeleana. Kwa hiyo ilipokaribia Idd el-Hajj ya Juni 2025, safari ya kwa bibi ilikuwa na uzito wake. Vijana wa mtaa nao wakapanga fainali ya kombe la mbuzi Idd mosi, saa 10 jioni. Boti ilikuwa ya saa 5 mchana. Ilikuwa fainali au bibi.

Tukakaa kikao baada ya isha. Kijana akasema, kwa adabu, "Baba, bibi yupo kila mwaka, fainali ni hii moja." Mama yake akamjibu taratibu, "Mwanangu, bibi hayupo kila mwaka. Mwaka jana Idd ilipita hatukumwona." Binti akauliza kwa nini wasiende wengine leo na wengine kesho. Ndivyo tulivyoafikiana: baada ya swala ya Idd mama na wadogo waliondoka na maji ya mchana, mimi na kijana tukabaki, tukasafiri siku ya pili.

Nilikaa uwanjani dakika zote 90. Nilimwona yule kaka mwenye simu chini ya mwembe, na watoto wa miaka 13 wamemzunguka. Baada ya mechi mimi na wazazi wengine wawili tulizungumza na kocha, kijana muungwana, na tangu hapo mambo mawili yakawekwa: mwenye mkeka hakai na timu, na mechi ambayo haijaanza saa 10 na robo inaahirishwa. Timu yetu ilifungwa, mbuzi akaenda mtaa wa pili. Kesho yake bibi alipotupokea, la kwanza kumuuliza mjukuu wake lilikuwa: "Mmefungwa mangapi?" Habari zilikuwa zimefika kabla yetu.

Tufanye nini?

Kutokana na haya, nashauri mambo yafuatayo:

1. Tutenganishe kisichohama na kinachohama. Sura An-Nisaa aya ya 103 inatufundisha kuwa swala ni faradhi yenye nyakati maalumu. Swala, madrasa na haki ya wazazi wetu vinakaa mahali pake. Mechi, shamba na vikao vya biashara vinapangwa kuzunguka hapo, kama watu wa delta wanavyopanga shughuli zao kuyafuata maji.

2. Kila familia iwe na kikao kimoja kwa wiki, hata cha robo saa. Zamu za mama, mechi za watoto na safari zisemwe mapema, na mtoto asikilizwe. Aliyeshirikishwa katika uamuzi huutii bila kufuatwa.

3. Mzazi mmoja afike uwanjani angalau mara moja kwa wiki mbili. Aliyebanwa kabisa amjue kocha kwa jina na awe na namba yake.

4. Misikiti na madrasa zetu zikae na viongozi wa timu juu ya muda wa kuanza mechi. Wengi wao ni watoto wetu wenyewe, wakiambiwa kwa hekima wanaelewa.

5. Sisi wazazi tujikague. Aya ya mwisho ya Sura Al-Jumu'a inawalaumu waliomwacha Mtume amesimama wakakimbilia biashara au mchezo. Biashara imetajwa hapo pamoja na mchezo. Hatuwezi kumkemea mtoto kwa mpira ilhali adhana inatukuta kwenye mnada wa korosho tukinong'ona "bado kidogo".

Bukhari amepokea kwamba Swahaba Salman (r.a.) alimtembelea ndugu yake Abu Dardaa (r.a.), akamkuta amezama katika ibada hadi mkewe amesahauliwa. Salman alimkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na familia yake ina haki, ampe kila mwenye haki, haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna haikukubaliwa iwe udhuru wa kuisahau familia, basi zamu, darasa na korosho haviwezi kuwa udhuru wetu.

Juni nyingine itakuja, na ratiba za michezo zitabandikwa. Tumuulize mtoto leo mechi yake ni lini, na tumuulize nani atakuwa naye.

Wabillahi tawfiq.