Kiweke Tena Sahanini

Miezi michache iliyopita mtoto alikuwa anakula kila alichopewa. Sasa ana miaka miwili, anafunga mdomo, anageuza shingo, anasukuma kijiko. Anataka wali mtupu na chai. Akiuona mchicha, analia. Mama anajiuliza amekosea wapi, na bibi anasema mtoto amedekezwa.

Bibi, hajadekezwa. Katika mwaka wa kwanza uzito wa mtoto hufika karibu mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili kasi hiyo hupungua sana, na hamu ya kula hupungua nayo. Tena sasa anatembea, anaokota kila kitu, na mwili wake unamwonya asimeze asichokijua. Ndiyo maana watoto wengi huchagua chakula zaidi kati ya miaka 2 na 6.

Woga huo hautolewi kwa kofi wala kwa kumbana pua ili ameze. Kumbana pua ni hatari, anaweza kupaliwa. Na akishalishwa hivyo, hata kijiko chenyewe hukiogopa. Woga huondoka kwa mazoea. Watoto wengi huhitaji kuletewa chakula kipya mara 8 hadi 15 ndipo wakikubali, nasi wengi wetu huacha mara ya tatu.

Chukua dagaa. Mtoe kichwa na miba, mweke mmoja tu pembeni ya ugali anaoupenda mtoto, kisha nyamaza, wewe ule wako. Akimtupa, usigombe. Keshokutwa mweke tena. Siku moja atamshika, siku nyingine atamlamba na kumtema. Kumtema nako ni kuonja. Unaweza pia kusaga dagaa ukachanganya kwenye mboga ili mtoto apate lishe, lakini usiache kumwekea yule anayeonekana, kwa sababu mtoto hawezi kuzoea chakula alichofichwa.

Wewe amua apikiwe nini na ale saa ngapi. Kiasi gani kinamtosha, mwachie yeye. Tumbo lake ni dogo: vijiko vichache vya kila chakula vinatosha kuanzia, akitaka aongezwe.

Naomba baba na dada wa nyumbani wasome hapa pia. Biskuti ya saa kumi na moja na soda ya dukani ndizo zinazomshibisha kabla sufuria halijaepuliwa. Mpe milo mitatu, na katikati kipande cha papai, ndizi au kiazi lishe. Akiona kiu, maji. Chai ya rangi isiandamane na chakula, kwani hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye maharage na mboga za majani. Wala usimwambie, "Maliza mchicha nikupe pipi." Hapo umemfundisha kwamba mchicha ni adhabu.

Nyumba nyingi humlisha mtoto mapema, peke yake. Hajawahi kumwona kaka yake akila matembele, atayaamini vipi? Mketishe mkekani na wengine, ale katika bakuli lake ili ujue amekula kiasi gani. Mwache achezee chakula kwa vidole, mikono ikiwa imenawishwa. Akisaidia kuchambua mchicha au kumenya ndizi, mara nyingi huonja mwenyewe. Karanga mpondee au umsagie. Karanga nzima zinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka 5.

Kuna kukataa kusikotokana na kuchagua. Vidonda vya kinywa, homa, kuharisha, kukohoa au kupaliwa kila anapokula, kula udongo, viganja kuwa vyeupe: mpeleke kituo cha afya. Vivyo hivyo ukiona mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala au umeshuka, au mzingo wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 12.5. Miguu yote miwili ikivimba, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke leo.