Shinikizo la Damu Milimani Lushoto
Swali: Je, wakulima wa Lushoto katika Milima ya Usambara, Tanzania, wanaoipanda kila siku, wana haja ya kuhofia shinikizo la juu la damu?

Jibu: Wanayo, kwani kupanda milima peke yake hakutoshi kuwakinga. Mwaka 1985 mtaalamu wa epidemiolojia wa Uingereza, Geoffrey Rose, alilinganisha wafugaji wahamaji wa Kenya na watumishi wa serikali wa London, akaonyesha kwamba shinikizo, yaani nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa, lilikuwa juu zaidi katika jamii nzima ya London, si kwa wagonjwa wachache tu. Chanzo kimo katika mazoea ya jamii nzima, kama chumvi katika chakula, kwa hiyo kinga huanzia kwenye chungu cha wote: Shirika la Afya Duniani hushauri chumvi chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Mboga na matunda ya Usambara, ambayo mengi huteremshwa Dar es Salaam, yana potasiamu, madini yanayosaidia figo kuondoa chumvi mwilini, na ni hasara kubwa yakiuzwa yote huku watoto wa mkulima wakiyakosa.